Waliozaliwa Desemba

Mimi ndiye mtunza kadi.
Miaka kumi na tisa katika chumba hiki
nyuma ya jiko la klabu, ambako harufu ya chipsi
imeshaingia hadi kwenye mafaili.
Jina, anwani, simu ya mama, tarehe ya kuzaliwa.
Sijui kupiga chenga. Najua nani alizaliwa lini.

Jumatano Sjoerd alichora ngazi ubaoni:
chini kabisa wale wa miaka sita, wanaoukimbilia mpira
kama kuku waliomwagiwa mtama,
juu yao timu ya tatu, ya pili, ya kwanza,
kisha mshale mwekundu unaotoka nje ya ubao
kwenda mjini, kwenye klabu kubwa yenye basi lake.
"Hii," akasema, "ndiyo njia."
Wazazi wakatoa simu, wakaupiga picha mshale.

Wiki mbili za majaribio.
Koni za rangi ya machungwa, saa ya kupimia,
daftari la alama, moja hadi kumi,
kwa kasi, kwa pasi, kwa kitu kinachoitwa moyo.
Na mvua yetu ya Friesland, isiyoanguka bali inayopita.
Watoto wa miaka tisa walijua wanatazamwa:
hata kamba za viatu walizifunga kama mtihani.

Ijumaa jioni nikabandika orodha mlangoni.
Nakala yake ilibaki mezani, nami, kwa mazoea tu ya kazi,
nikaandika tarehe kando ya kila jina.
Timu ya kwanza:
Januari, Machi, Januari, Februari,
Januari tena (mapacha wa Hoekstra, wote wawili),
Aprili mmoja, golikipa, aliyekwisha mpita mama yake kimo.
Timu ya tatu:
Oktoba. Novemba. Septemba. Novemba.
Na Jelmer Wiersma, tarehe ishirini na tisa Desemba.
Angevumilia tumboni siku tatu tu
angekuwa mkubwa wa wadogo.
Leo ni mdogo wa wakubwa.

Nyota njema huonekana asubuhi.
Sawa. Asubuhi ya nani?
Kuna watoto ambao kwao jua limeshagonga dirisha,
na kuna ambao kwao bado ni alfajiri,
nasi tunapita na tochi, tunawamulika usoni,
tunaandika: huyu hang'ai.

Nikampelekea Sjoerd karatasi nyumbani.
Si mtu mbaya. Ni fundi bomba, hana mshahara kwetu,
na magoti yake yanalia akipanda baiskeli.
Aliisoma amesimama, kijiko cha supu mkononi,
akizihesabu Januari kwa kidole.
"Lakini Wietske," akasema, "kesho tuna mechi."
Nikamwuliza, "Wewe ulizaliwa lini?"
Ingawa nilijua. Kadi yake ninayo.
"Kumi na nne Januari."
Akacheka kidogo, kisha hakucheka.

Orodha haikubadilika.
Ila Jumatano iliyofuata nilikuta ngazi imefutwa,
mshale peke yake ukibaki,
kwa kuwa kalamu ile nyekundu haifutiki.

Timu ya tatu huchezea uwanja wa nne, kando ya mtaro.
Mpira huanguka majini kila baada ya dakika kumi,
na anayeupata ni Jelmer, kwa sababu ni mwepesi:
hulala kifudifudi ukingoni na ule wavu wenye mpini mrefu,
wenzake wamemshika miguu, wote wanacheka.
Jumamosi akaurudisha, mkono wa jezi ukichuruzika.
Akatazama huku na huku. Hapakuwa na daftari.
Akampita wa kwanza. Akampita wa pili.
Wa tatu alimfanyia kitu
ambacho Sjoerd hajakiwekea safu.

Niliyeona ni mimi tu, dirishani,
na kijiko cha kugeuzia chipsi.
Nikatazama saa ya ukutani.
Saa nne na robo.
Bado asubuhi.